Umakini na Mwendo: Kinachotokea Ubongoni Tunapotazama Kinachosogea

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, walimu wenzangu, wanafunzi wa fani za afya, wakufunzi wa udereva mlioitikia mwaliko, na ndugu wasikilizaji wote,

Nimeombwa nieleze namna umakini wa mtu unavyoathiri kazi ya ubongo wake pale anapotazama kitu kinachosogea. Nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu utafiti uliofanyika tangu miaka ya 1980 umebadilisha kabisa jibu la swali hili, na jibu hilo bado halijafika mahali linapohitajika zaidi, yaani barabarani na katika vyumba vya kufundishia udereva. Hoja yangu ni kwamba umakini hausubiri ubongo umalize kuona ndipo uje kuchagua katika yale yaliyokwisha kuonekana. Umakini huingia ndani ya seli zile zile zinazopima mwendo na kubadilisha kipimo chenyewe. Gari lile lile, likipita kwa kasi ile ile mbele ya macho mazima yaliyo wazi, huamsha ubongo kwa nguvu au kwa udhaifu kutegemea akili ya mtazamaji imeelekezwa wapi wakati huo.

Ili hoja hiyo ieleweke, yatupasa kwanza tukubali kwamba mwendo tunaouona hutengenezwa na ubongo. Kwenye retina, ule utando ulio nyuma ya jicho, hakuna kitu kinachoitwa mwendo; kuna mwanga unaoongezeka mahali hapa na kupungua mahali pale, dakika baada ya dakika, na ni kazi ya ubongo kuunganisha mabadiliko hayo hadi yawe gari linalokuja au mtoto anayekimbia. Ushahidi unaonigusa kuliko wote unatoka Munich, Ujerumani, ambako mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake walichapisha habari za mwanamke mwenye umri wa miaka 43, anayejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi L.M. tu. Damu iliganda katika mishipa ya kichwa chake na kuharibu sehemu za nyuma za ubongo, upande wa kushoto na wa kulia. Aliendelea kuona rangi, aliendelea kutambua watu na vitu, na aliweza kusoma, lakini mwendo ulikuwa umetoweka. Alipomimina chai, aliiona imesimama hewani kama barafu, na hakujua wakati wa kuacha kumimina kwa kuwa hakuona chai ikipanda kikombeni. Chumba chenye watu wengi kilimtaabisha, kwa sababu mtu aliyekuwa pale mara alikuwa hapa, bila yeye kumwona akitembea. Hata mazungumzo ya ana kwa ana yalimchosha, kwa kuwa hakuona midomo na nyuso zikichezacheza. Barabara ilikuwa hatari kubwa kwake: gari lilionekana mbali, kisha ghafla lilikuwa karibu, na hapakuwa na chochote katikati. Baada ya muda alijifunza kukadiria umbali wa magari kwa kusikiliza mlio wake.

Sehemu ya ubongo iliyohusika zaidi na msiba huo tunaifahamu vizuri. Iko pale sehemu ya kisogoni, ya ubavuni na ya utosini za ubongo zinapokutana, juu kidogo na nyuma ya sikio, na huitwa V5 au MT. Majina haya mawili yana historia, kwa kuwa John Allman na Jon Kaas waliieleza mwaka 1971 kwa kumchunguza kima wa usiku wa Amerika ya Kusini na kuipa jina la MT, wakati Semir Zeki, aliyefanya kazi London, aliichunguza kwa kima wa jamii ya rhesus katika miaka hiyo hiyo, na jina la V5 likatokana na kazi yake. Zeki aligundua kwamba karibu kila nyuroni, yaani seli ya ubongo, ya eneo hilo ina mwelekeo wake inaoupenda: moja hupiga mipigo mingi ya umeme kitu kinapokwenda kulia na kunyamaza kinapokwenda kushoto, nyingine hupendelea kinachopanda, nyingine kinachoshuka. Kila nyuroni pia ina sehemu yake ya kutazama katika upeo wa macho, ambayo nitaiita uwanja wa nyuroni, na nyanja za nyuroni za MT ni pana takriban mara kumi kuliko zile za V1, eneo la kwanza la gamba la ubongo linalopokea habari za macho. Upana huo una maana kubwa kwa hoja yetu, na nitaurudia.

Pengine mtu atauliza kama nyuroni hizi ndizo hasa zinazotufanya tuone mwendo, au ni mashahidi tu wa jambo linaloamuliwa kwingine. Jibu lilitolewa mwaka 1990 na Daniel Salzman, Kenneth Britten na William Newsome. Walikuwa wamewafundisha kima kutazama wingu la nukta zinazocheza ovyo ambamo sehemu ndogo tu ya nukta ilikwenda upande mmoja kwa pamoja, kisha kuonyesha kwa macho ni upande gani. Watafiti walipopeleka umeme hafifu sana katika kundi la nyuroni za MT zinazopendelea mwelekeo mmoja, uamuzi wa mnyama ulielemea mwelekeo huo, ingawa nukta za kwenye skrini hazikubadilika. Basi shughuli ya nyuroni hizi inahusika moja kwa moja na kile mnyama anachoamua kwamba amekiona, na jambo lolote linaloongeza au kupunguza shughuli hiyo linaugusa uonaji wenyewe.

Sasa nije kwenye umakini. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz alifanya jaribio ambalo hadi leo nalihesabu miongoni mwa majaribio mazuri kupita yote katika fani hii, kwa usahili wake. Alikaza macho kwenye nukta moja ndani ya chombo chenye giza, akaamua mapema kuelekeza akili kwenye sehemu fulani pembeni, kisha akawasha cheche ya umeme iliyomulika herufi zilizokuwa ndani kwa muda mfupi mno, usiotosha jicho kusogea. Alitambua herufi za sehemu aliyoizingatia na kukosa za sehemu nyingine. Macho yalikuwa hayajaondoka kwenye nukta, kwa hiyo umakini unaweza kwenda mahali ambapo jicho halijaelekezwa. Mnaweza kulithibitisha hapo mlipo: nitazameni mimi, msiondoe macho usoni mwangu, na bila kugeuka mfuatilieni jirani yenu wa kulia. Mnapata habari zake, ingawa kwa ukungu.

Lakini je, umakini huo unafika hadi kwenye mitambo ya mwendo? Kwa muda mrefu wengi walidhani haufiki. Msingi wa dhana hiyo ulikuwa jambo linaloitwa taathira ya maporomoko. Mwaka 1834 Robert Addams alitazama maporomoko ya maji ya Foyers kule Scotland kwa muda, kisha akahamishia macho kwenye miamba ya pembeni, na miamba hiyo ikaonekana inapanda juu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyuroni zinazopendelea mwendo wa kushuka huchoka au hujirekebisha kwa kutumika mfululizo, na hapo zile zinazopendelea mwendo wa kupanda hupata nguvu kuliko wenzake. Adolf Wohlgemuth, katika kazi ndefu aliyoitoa mwaka 1911, aliwapa watazamaji shughuli nyingine za akili wakati wakitazama mwendo, na akahitimisha kwamba kuhamisha umakini hakupunguzi taathira hiyo. Hitimisho lake liliheshimiwa kwa miongo mingi, na lilifanana na akili ya kawaida: mitambo ya mwendo ifanye kazi yake chini huko, na umakini ubaki ghorofani ukisubiri taarifa.

Mwaka 1990 Avi Chaudhuri alilirudia swali hilo kwa kazi ngumu zaidi. Aliwaonyesha watazamaji mandhari inayosogea, na katikati ya mandhari hiyo akaweka herufi na tarakimu zilizokuwa zikibadilika upesi, ambazo walitakiwa kuzifuatilia kwa bidii. Wale waliotazama bila kazi yoyote walipata taathira ya maporomoko kama ilivyotarajiwa. Walioshughulishwa na herufi walipata taathira fupi mno, ijapokuwa mwendo uliopita machoni mwao ulikuwa ule ule. Tofauti kati yake na Wohlgemuth, kwa maoni yangu, iko katika ugumu wa kazi. Mtu anayehesabu kwa kichwa taratibu bado ana akiba ya umakini inayovuja kwenda kwenye mandhari; mtu aliyebanwa na herufi zinazobadilika haraka hana akiba hiyo. Suala hili la akiba ndilo litakalotufikisha barabarani.

Ushahidi wa ndani ya nyuroni ulikuwa umeanza kupatikana miaka michache kabla. Mwaka 1985 Jeffrey Moran na Robert Desimone walionyesha kwamba nyuroni ya eneo la V4, lenye kazi kubwa katika rangi na maumbo, ikiwekewa vitu viwili ndani ya uwanja wake, hujibu kana kwamba kuna kimoja tu, kile anachokizingatia mnyama. Mwaka 1996 Stefan Treue na John Maunsell, waliokuwa Houston, Marekani, walilipeleka swali hilo kwenye mwendo, na naomba niwaeleze jaribio lao bila haraka kwa sababu ndilo kiini cha mazungumzo haya.

Kima alitakiwa kukaza macho kwenye alama iliyotulia. Ndani ya uwanja wa nyuroni moja ya MT, ambao kama nilivyosema ni mpana, ziliwekwa nukta mbili zilizokuwa zikienda na kurudi kwa zamu, moja ikienda upande unaopendwa na nyuroni hiyo wakati nyingine inakwenda upande wa kinyume. Kabla ya kuanza, mnyama alionyeshwa ni nukta ipi aifuatilie, na kazi yake ilikuwa kutoa ishara kasi ya nukta hiyo itakapobadilika. Kwa jicho, kwa retina, na kwa skrini, hali ilikuwa ile ile kila mara. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya kichwa cha mnyama peke yake. Hata hivyo nyuroni ilipiga kwa nguvu kila nukta iliyozingatiwa ilipokwenda upande iupendao, na ikashuka kila nukta hiyo ilipogeuka, kana kwamba nukta ya pili imefifishwa. Tofauti haikuwa ndogo: kwa wastani majibu ya nyuroni za MT yalikaribia kuwa maradufu umakini ulipokuwa kwenye nukta inayokwenda upande unaopendwa, na katika eneo jirani la MST, linalopokea kutoka MT, tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Fikirini uzito wa tokeo hilo. Hapa tunazungumzia eneo lililodhaniwa kuwa la upimaji mtupu, lisilojua wala kujali nia ya mwenye macho. Nyuroni moja, iliyo hatua chache tu kutoka kwenye retina, inatoa kipimo tofauti cha kitu kile kile kwa sababu mnyama ameamua kujali nukta hii na si ile.

Treue aliendelea. Akiwa na Julio Martínez-Trujillo, mwaka 1999 alitoa jaribio ambalo linashangaza zaidi, japo mabadiliko yaliyopimwa yalikuwa madogo kuliko ya awali. Safari hii kitu kilichokuwa ndani ya uwanja wa nyuroni hakikuzingatiwa kabisa. Kima alikuwa akifuatilia nukta zilizo upande wa pili wa skrini, mbali na uwanja huo. Nukta hizo za mbali zilipokwenda upande unaopendwa na nyuroni, majibu ya nyuroni yalipanda. Zilipokwenda kinyume, yalishuka. Maana yake ni kwamba kuzingatia mwelekeo fulani mahali pamoja huziimarisha nyuroni za mwelekeo huo katika upeo wote wa macho, na huzidhoofisha za mwelekeo wa kinyume. Hapa mfano wa fundi mitambo kwenye onyesho la taarabu utatusaidia: hawapi waimbaji sauti wasiyokuwa nayo, wala habadilishi wimbo, bali huinua chaneli ya aliyekusudiwa na kushusha za wengine, na wasikilizaji wote ukumbini husikia mchanganyiko mwingine. Mwelekeo unaopendwa na nyuroni haubadilishwi na umakini. Kinachobadilishwa ni ukubwa wa sauti yake katika mchanganyiko.

Naomba nitulie kidogo kwenye jambo la uaminifu wa kisayansi. Si kila maabara ilipata tofauti kubwa namna hiyo. Eyal Seidemann na William Newsome, mwaka 1999, walipima athari ya umakini katika MT kwa kazi ya aina nyingine na kukuta ongezeko dogo, chini ya asilimia 10. Wapo walioona hapo ugomvi. Mimi naona funzo, kwamba athari ya umakini huwa kubwa pale vitu viwili vinaposhindania nyuroni zile zile na kazi inayofanywa ikadai kuvitenganisha, na huwa ndogo pale ambapo hakuna ushindani wa karibu. Katika chumba cha maabara ushindani unaweza kuondolewa. Katika makutano ya barabara za mjini saa ya jioni hauondoki, kwa kuwa ndani ya uwanja mmoja mpana wa nyuroni ya MT kuna daladala linaloondoka kituoni, mkokoteni, muuza maji anayevuka na pikipiki inayopenya kati yao.

Kwa binadamu hatuwezi kutumbukiza sindano ubongoni bila sababu ya matibabu, na ni vyema iwe hivyo. Tunatumia picha za ubongo. Mwaka 1990 Maurizio Corbetta na wenzake wa St. Louis walitumia kipimo cha PET, kinachofuatilia mtiririko wa damu ubongoni, kuonyesha kwamba mtu anayetazama picha ile ile huamsha maeneo tofauti ya ubongo kutegemea ametakiwa kuzingatia rangi, umbo au kasi. Mwaka 1997 Kathleen O'Craven na wenzake waliwalaza watu ndani ya mashine ya MRI na kuwaonyesha nukta zinazosogea zilizochanganywa na nukta zilizotulia. Macho yalikaa katikati, na watazamaji walitakiwa kuzingatia aina moja kwa zamu. Walipozingatia zinazosogea, eneo la MT na MST liliamka zaidi. Mwaka huo huo, Christian Büchel na Karl Friston, London, walifanya jambo la werevu mkubwa: waliwaambia watazamaji watafute mabadiliko ya kasi katika nukta zinazotoka katikati kwenda nje, wakati hapakuwa na mabadiliko yoyote ya kasi mashineni. Kilichoonyeshwa kilibaki kile kile. Nia ya kutafuta ndiyo iliyoongezwa. Kwa hesabu zao, njia ya kutoka V1 kwenda V5 iliimarika wakati wa kutafuta, na uimara huo uliendana na shughuli ya eneo la utosini mwa ubongo.

Hilo linatupa dalili ya mahali amri inapotokea. Umakini hauna kiti kimoja, lakini sehemu za utosini pamoja na eneo la mbele linaloongoza macho zina usemi mkubwa. Tirin Moore na Katherine Armstrong walionyesha mwaka 2003 kwamba umeme hafifu ukipelekwa katika eneo hilo la mbele, kwa kiasi kisichotosha kuyasogeza macho, majibu ya nyuroni za V4 zinazotazama sehemu inayolingana huongezeka. Walichokipima hawakukipima katika MT, na sitaki kusema zaidi ya walichoonyesha, lakini kanuni ni dhahiri: maeneo yanayopanga macho yaende wapi yana njia za kurudi nyuma hadi kwenye maeneo ya kuona, na hupitishia humo maagizo yao.

Jaribio lililonibadilisha mimi kama mwalimu ni la Geraint Rees, Chris Frith na Nilli Lavie, pia la mwaka 1997. Watazamaji waliona maneno yakitokea katikati ya skrini, na kuzunguka maneno hayo kulikuwa na nukta zinazosogea ambazo waliambiwa wazipuuze. Katika kazi nyepesi walitazama tu kama neno limeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo; katika kazi ngumu ilibidi wapambanue maneno kwa idadi ya silabi. Wakati wa kazi nyepesi, V5 iliamshwa na mwendo wa pembeni licha ya agizo la kuupuuza. Wakati wa kazi ngumu, mwamko huo ulitoweka, na taathira ya maporomoko nayo ikapungua. Kazi ya maneno haina uhusiano wowote na mwendo, na bado ugumu wake ulitosha kulinyamazisha eneo la mwendo. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, nao hawakuwa na mashine ya MRI. Utafiti huu unatuonyesha ni katika sehemu gani ya ubongo ambapo hilo moja linaponyoka.

Yako matokeo mengine ambayo nitayapitia kwa haraka. Massimo Turatto na wenzake wa Trento, Italia, walionyesha mwaka 2007 kwamba kitu kinachosogea huonekana kwenda kasi kidogo zaidi kikizingatiwa. Zenon Pylyshyn na Ron Storm walionyesha mwaka 1988 kwamba mtu anaweza kufuatilia vitu vinavyofanana vipatavyo vinne au vitano tu vinapochanganyika na vingine vinavyosogea ovyo. Na mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwapa watu kazi ya kuhesabu pasi za mpira katika filamu fupi, na karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji, akijipiga kifua, kisha akatoka. Wengi wenu mmeisikia habari hiyo ikisimuliwa kama kichekesho. Mimi naiona kuwa habari nzito kuliko nyingi tunazofundisha, kwa sababu waliokosa kumwona sokwe hawakuwa wazembe. Walikuwa wakifanya kwa bidii kile walichoagizwa.

Wakufunzi wa udereva, sasa nazungumza nanyi. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki tunazoendesha upande wa kushoto, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, dereva anayegeuka kulia hukatiza mkondo wa magari yanayokuja mbele yake. Ni hapo anapotakiwa kukadiria mwendo wa kila kinachokuja, na ni hapo anapomgonga mwendesha bodaboda na kusema, mara nyingi kwa machozi, kwamba alitazama na hakumwona. Pikipiki ni nyembamba; taswira yake kwenye retina hupanuka kidogo tu inapokaribia, kwa hiyo ishara yake ya mwendo ni dhaifu tangu mwanzo. Ishara dhaifu ndiyo inayohitaji umakini kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kuzimika umakini unapokwenda kwingine. Sisemi kwamba dereva huyo hana wajibu. Nasema kwamba maneno yake yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na kwamba adhabu pekee haitamfundisha dereva anayefuata.

Simu ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Sheria za nchi nyingi zinamkataza dereva kushika simu mkononi lakini zinamwacha azungumze kwa spika au kwa kifaa cha masikioni, na madereva wengi hujiona salama kwa kuwa mikono iko kwenye usukani na macho yako barabarani. Kwa yote niliyowaeleza, mikono si tatizo kuu. Mazungumzo yenye kudai fikra, kama ya mkopo, ya ugonjwa wa mzazi, au ya ugomvi wa kazini, ni kazi ngumu ya maneno, sawa na ile ya silabi aliyoitoa Rees. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha mwaka 2003, kwa kutumia mtambo wa kuigiza uendeshaji na kifaa cha kufuatilia macho, kwamba madereva waliozungumza kwa simu isiyoshikwa mkononi walishindwa baadaye kukumbuka mabango ya barabarani ambayo macho yao yalikuwa yameyakazia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara 4 zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama sana kuliko ya kushikwa. Naomba somo hili lifundishwe kwa uwazi katika kila darasa la udereva, pamoja na sababu yake ya kibaiolojia, kwa maana mtu mzima hushika amri vizuri zaidi akiijua sababu.

Pia naomba tuache kumfundisha mwanafunzi wa udereva kwa amri ya "tazama kulia, tazama kushoto" pekee. Afundishwe cha kutafuta. Jaribio la Treue na Martínez-Trujillo linatueleza kwamba ubongo unaozingatia mwelekeo fulani huziimarisha nyuroni za mwelekeo huo katika upeo wote wa macho, hata mbali na mahali panapozingatiwa. Dereva aliyekaa kwenye makutano akijiambia moyoni kwamba anatafuta pikipiki inayokuja kwa mbele huenda anaingia kwenye hesabu hiyo akiwa na maandalizi ambayo mwenzake aliyetupa jicho tu hana. Vivyo hivyo kwa mwalimu anayewavusha watoto barabara: awaambie watafute kinachosogea na kinakuja upande gani, na awasubiri wakitaje kwa sauti kabla ya kukanyaga lami.

Kwenu wanafunzi nina ombi moja. Karibu kila jaribio nililolitaja limefanyika Ulaya au Amerika ya Kaskazini, katika vyumba vitulivu, kwa watu waliozoea barabara za huko. Mashine ya MRI ni ghali na foleni ya wagonjwa ina haki ya kutangulia, lakini jaribio la Chaudhuri linahitaji kompyuta moja, skrini nzuri, saa, na programu kama PsychoPy ambayo hupatikana bure. Mpeni mtazamaji nukta zinazosogea kwa muda maalumu, pimeni taathira ya maporomoko inadumu sekunde ngapi akiwa ametulia, kisha rudieni akiwa anazungumza kwa simu, kwa Kiswahili, juu ya jambo linalomhusu kweli. Chukueni madereva wa bodaboda, wa daladala na wa malori ya masafa marefu, mlinganishe. Anzeni na idadi ndogo, andikeni mapema mnachotarajia kukipata, na msikifiche mnachokikuta kikiwa kinyume. Walimu wenu na mimi tutawasaidia kupata vibali vya maadili ya utafiti, na matokeo ya kwanza yaletwe kwa wakufunzi hawa walioketi hapa mbele kabla ya kupelekwa kwenye jarida lolote.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kupokea maswali.